Benchi Miguu Juu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi. Manyunyu ya huku kambini Dzaleka, Dowa, Malawi, si mvua wala si kitu, yanalowesha tu. Nimekunywa chai kavu. Tumbo linanisokota. Huwa linanisokota nikikaribia kupata wazo kubwa, basi nimelichukulia kama dalili njema.

Asubuhi majirani wawili wamegombana kuhusu kuku. Kuku wa mmoja anakwenda kutaga kwa mwenzake. Mayai ni ya nani, mwenye kuku au mwenye nyumba? Swali safi la sheria! Nimetoka mbio, kandambili mguu mmoja tu. Nikawaambia mi niko hapa, nimesoma sheria miaka miwili chuo kikuu Bukavu, wakae niwaamulie. Wakaniangalia. Wakasema aksanti Maître, yaani wakili, watamngoja Papa Lwaboshi arudi kutoka Lumbadzi.

Watamngoja. Lwaboshi ni mshona suruali. Katoka Fizi, kwao ni mihogo na mahindi. Hajafungua kitabu cha sheria hata kimoja maishani. Akiletewa ugomvi anasikiliza, anauliza habari za batoto, kisha anasema jambo lisilo na kifungu wala msingi, na watu wanapeana mikono wanakwenda zao. Mimi ananiita Maître Nusu, kwa sababu vita vilinikata katikati ya masomo. Ananiita hivyo mbele ya kwaya nzima.

Nimefikiri mchana kutwa. Tatizo langu si elimu. Tatizo ni kwamba sina mahali pa kukaa. Mwanasheria bila cabinet, ofisi yake, ni mtu anayeongea njiani. Lwaboshi anakaa barazani pa kanisa letu. Baraza ile inapata jua la asubuhi, manyunyu hayaingii, na kila anayekwenda sokoni lazima apite mbele yake. Ina nafasi tatu za cherehani, hazizidi: moja ya Lwaboshi, moja ya Mama Esperance, Mrundi anayeshona nguo za batoto, na moja ya Annuarite, mke wangu. Nafasi ile ya Annuarite njo bukari letu, ugali wa kila siku, sabuni yetu, na shule ya Sophie binti yetu. Nikae hapo mimi, yeye ashone wapi? Hapana. Lakini nafasi ya Lwaboshi je?

Pale kuna desturi. Ukisafiri, ukiugua au ukifiwa, unapindua benchi yako miguu juu. Maana yake ni kwamba utarudi. Hakuna anayeigusa, hata mbuzi wanaipita pembeni. Ya Lwaboshi iko miguu juu wiki ya pili sasa, kwa sababu anashona yunifomu za shule huko Lumbadzi.

Jioni nimemwuliza Annuarite: je, kipande cha mti kinaweza kumiliki mahali? Nikamweleza alivyotufundisha profesa, kwamba kushika mahali kunahitaji mwili uliopo na nia. Benchi haina mwili wa mtu, nia ndiyo kabisa. Kwa hiyo kisheria nafasi ya Lwaboshi iko wazi. Annuarite akaniuliza kama na bidon ya maji iko wazi, maana ameiona tupu tangu asubuhi. Nimekwenda bombani.

Jumanne, 3 Juni

Nimemwona Pasteur Jean-Baptiste, mchungaji wetu. Nimemweleza kwamba baraza yake haina sheria, ina mazoea tu. Mazoea yanakaa vichwani, na kichwa cha mtu kinasahau, kinapendelea, kinakufa. Sheria lazima iandikwe. Pasteur akasema tumeishi vile miaka mingi na hakuna aliyepigana. Nikamjibu kwamba hapo njo penye hatari.

Hakushtuka. Ndipo nikamkumbuka Raïssa. Ni msichana aliyefika kambini mwaka huu, ana mtoto mgongoni na cherehani ndogo ya mkono, anazunguka nayo kichwani akitafuta kivuli. Nikamwuliza Pasteur: ni haki benchi tupu ikalale barazani pakavu, na Raïssa alowe? Pasteur ana moyo laini sana. Akasema nilete maandishi yangu kesho baada ya maombi, watu wasikie.

Kumbe haki ni kitu chenye faida kubwa ukiitumia vizuri. Annuarite ameniuliza tangu lini nimeanza kumhurumia Raïssa. Nikasema tangu leo asubuhi, na huo ni ukweli.

Jumatano, 4 Juni

Sheria imepita!

Nimesoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi ya kanisa. Kifungu cha kwanza: nafasi ni ya mtu anayekaa, kitu hakikai. Kifungu cha pili: nafasi isiyokaliwa siku tatu mfululizo inakwenda kwa atakayekaa wa kwanza. Kifungu cha tatu: hakuna udhuru. Hicho nilikiongeza saa ya mwisho, kumfungia Lwaboshi mlango wa yunifomu zake.

Mama Esperance akasimama. Akauliza: na mtu akifiwa? Na mwanamke akizaa? Nilijua swali litakuja, nilikuwa nimeshaliandalia sauti. Nikamwambia sheria inayosikiliza machozi ya kila mtu si sheria tena, ni jirani. Nikasema dura lex, sed lex, nikatafsiri: sheria ni ngumu, lakini ni sheria. Vijana wa kwaya wakapiga makofi kwa sababu ya Kilatini. Mikono ikainuka, mingi. Raïssa alikuwa nyuma kabisa, akainua wa kwake na wa mtoto.

Annuarite hakuinua. Alikuwa akikunja kitambaa ambacho kilikuwa tayari kimekunjwa.

Kosa moja tu. Pasteur akauliza sheria inaanza lini, na nikajibu kwa fahari kwamba sheria hairudi nyuma, inaanza kesho. Wiki mbili za Lwaboshi zimepotea kwa mdomo wangu mwenyewe! Sasa hesabu inaanza upya. Akirudi kabla ya Jumapili, ameokoka. Nimeshindwa kula sombe, kisamvu cha kwetu.

Alhamisi, 5 Juni

Alfajiri imekuja habari: Benedicte, mdogo wake Annuarite aliyeolewa na Mmalawi kule Chilinde, Lilongwe, ameshikwa na uchungu wa kuzaa na hali yake si nzuri. Annuarite amepata kibali cha kutoka kambini, akafunga kikapu. Tukapita barazani. Kwa mazoea akapindua benchi yake miguu juu. Kisha akaikumbuka sheria yangu, akaisimamisha tena polepole, akaniangalia.

Akasema: Baba Sophie, ukae hapa mpaka nirudi. Ukae tu. Usifikiri, usiandike, ukae.

Nimekaa. Kukaa ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Wateja wanauliza Mama Sophie yuko wapi. Mmoja ameniachia suruali iliyochanika makalioni, nikamwambia sishoni, nawakilisha. Mama Esperance amecheka mpaka uzi umekatika.

Halafu hofu ikaniingia. Mwili wangu ni mmoja. Jumapili nafasi ya Lwaboshi ikiwa wazi, nitaikaliaje huku nimekaa ya Annuarite? Na nikishaikalia, nitavaa nini? Wakili bila joho atatofautianaje na mshona suruali? Mtu wa kwaya ameniambia ameona joho jeusi kwenye kaunjika, nguo za mitumba, sokoni Chilinde. Joho la kweli, anasema, refu.

Nimeisoma sheria upya. Siku tatu mfululizo. Leo nimekaa, basi leo imekufa kwenye hesabu. Nikienda kesho na kurudi kesho hiyohiyo, nafasi ya Annuarite haina hatari yoyote. Sheria ni yangu, naijua pembe zake zote. Sophie atalala kwa Mama Esperance kama nikichelewa.

Ijumaa, 6 Juni

Mungu anisaidie.

Nimetoka kambini bila kibali. Annuarite alikuwa na sababu ya hospitali, mimi ningeandika nini, joho? Kabaza ya baiskeli mpaka barabarani, kisha minibasi. Kwenye kizuizi polisi walikuwa wameshughulika na lori la mbuzi, tukapita. Shati langu lilikuwa limelowa, na baridi hii.

Lumbadzi tumesimama kupakia watu. Nikamwona nani? Lwaboshi, anaifunga cherehani yake nyuma ya kabaza, kamba kwa kamba, anacheka na mwenye baiskeli. Anarudi! Nikainama mpaka magotini. Mama wa kando akauliza kama nataka kutapika. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, ili asiendelee kuuliza. Akahama kiti.

Mtu mwenye akili angeshuka pale na kurudi. Nilifikiri hivyo. Lakini nimeshafika nusu ya njia, na nusu ni neno ambalo nimeshaitwa vya kutosha.

Soko la Chilinde. Joho lipo. Jeusi, linang'aa, lina kola ya manjano. Sikuwa na kitu cha kulipa, nikatoa koti langu, tukabadilishana. Nilipolivaa, mikono iliishia kwenye viwiko na pindo likaishia magotini. Muuzaji akasema ni joho la mahafali. Hakusema ya chekechea. Nimeiona picha ya bata kifuani baadaye.

Ndipo nikasikia mtu anaita Alamu, alamu, yaani shemeji! Shemeji yangu Mmalawi, mume wa Benedicte, amenishika mkono kwa furaha, ananivuta nikamwone mtoto. Nikajaribu kueleza kwamba sipo. Hakuelewa. Nyumba yao iko nyuma tu ya soko. Wamerudi kutoka hospitali mchana. Benedicte amelala, hana damu mwilini, midomo myeupe. Annuarite ameketi na mtoto mapajani, msichana, mdogo kama mkate.

Hakunisalimu. Hakuuliza habari ya joho. Akauliza: nani amekaa?

Nikasema sheria inalinda nafasi, siku tatu bado. Akaangalia bata kifuani kwangu. Akasema Benedicte hawezi kusimama, yeye hatoki hapa kabla ya Jumanne, na kama nafasi ile itapotea hajui tutakula nini, na hajui atanitazamaje. Alisema taratibu, ili mtoto asiamke. Akanipa ndizi mbili. Akasema nirudi leo.

Narudi leo. Naandika haya kituoni, naogopa.

Jumamosi, 7 Juni

Sijarudi.

Niko kwenye kibanda kando ya kizuizi cha barabarani. Jana jioni minibasi ilisimamishwa. Nilikuwa nimevaa joho kwa ajili ya baridi, maana koti sina. Polisi kijana, mwenye heshima, akaniuliza kibali kiko wapi. Ningesema samahani nimekosea. Watu wanasema hivyo na wanaachwa.

Mi nikamwuliza kama anajua tofauti ya sheria na amri. Nikamweleza kwamba kuna sheria iliyoandikwa na watu, na kuna haki ambayo mtu anazaliwa nayo, ya kutembea juu ya ardhi ya Mungu, na kwamba sheria inayopingana na haki hiyo ni karatasi tu. Nilizungumza vizuri. Nilichanganya Kiingereza, Kifaransa na Chichewa ninachokijua. Abiria wakashuka kunisikiliza. Kijana yule alinisikiliza mpaka mwisho, akakubali kwa kichwa. Kisha akauliza kibali kiko wapi.

Minibasi imeondoka. Mimi namngoja mkubwa wao, ambaye yuko harusini.

Wamenipa nsima, ugali wa huku, na maharage, na blanketi. Watu wazuri. Profesa wetu Bukavu alikuwa akiuliza: jambazi anakuamuru simama, polisi anakuamuru simama, tofauti ni nini? Katika mtihani niliandika kurasa nne, nikapata sifuri. Leo najua jibu. Jambazi anachukua kitu anakwenda. Polisi anakwambia ukae, umngoje mkubwa. Mtu amekaa siku nzima, na amekaa mahali ambapo si pake.

Asubuhi nimemwona Lwaboshi akipita na kabaza yake kuelekea Dzaleka, kumbe alilala Lumbadzi. Ana kibali, alikionyesha kwa mkono mmoja. Hakuniona, nilikuwa nimejifunika blanketi. Kwa hiyo amewahi. Nafasi yake imepona, na cabinet yangu imekufa. Imebaki ya Annuarite.

Jumapili, 8 Juni

Mkubwa amekuja baada ya kanisa, na suti yake. Ameniuliza neno moja moja. Akasema yeye si aliyetunga sheria ya vibali, na hapendi kumlaza mtu mzima kibandani kwa sababu ya joho la chekechea. Niende, ila mara nyingine nibebe kibali.

Ningeondoka hapo. Lakini nikamwambia kwamba kwa msingi wa sheria hawezi kunisamehe, maana kama kanuni inawabana wote haiwezi kuniacha mimi. Akaanza kufikiri. Yule kijana akanisukuma nje taratibu, akafunga mlango.

Jioni imefika, magari ya kambini hakuna. Nimepokelewa na Wakongo wenzetu wa kanisa hapa Lumbadzi. Nimehesabu kwa vidole. Alhamisi nilikaa. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili benchi tupu. Je, Jumapili inahesabika, wakati hakuna mshonaji anayeshona siku ya Bwana? Sikuandika. Kwa nini sikuandika? Mstari mmoja tu ungetosha. Nitapanda minibasi ya kwanza, nitafika kabla mtu hajaamka, nitakaa, na Annuarite hatajua kitu.

Jumatatu, 9 Juni

Minibasi ya kwanza nimeikosa. Mwenye nyumba alinishika ninywe chai, akaniuliza neno dogo la sheria: mbuzi wake amekula mboga ya jirani, afanyeje? Hakuna aliyewahi kuniuliza swali kwa adabu namna ile. Nikaanza na Warumi wa kale. Nilipofika kwenye mbuzi mwenyewe, minibasi ilikuwa imekwenda, na ya pili pia.

Nimefika barazani jua likiwa juu. Kwenye nafasi ya Annuarite amekaa Raïssa.

Cherehani yake ndogo imefutwa inang'aa. Mtoto amelala kwenye kitenge chini ya meza. Benchi ya Annuarite imesogezwa ukutani, na cherehani ya Annuarite imefunikwa vizuri, wameitunza. Raïssa akainuka kunisalimu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema Maître, Mungu akubariki. Akasema tangu atoke kwao hajawahi kukaa mahali ambapo mtu hakumwambia asogee. Pasteur ameshaiombea nafasi.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikaenda kwa Pasteur. Nikamwambia sheria isiyo ya haki si sheria. Akachukua karatasi yangu, akaniuliza kifungu hicho kiko wapi. Nikasema mume na mke ni mwili mmoja, Biblia imesema. Mama Esperance, ambaye hakuitwa, akauliza: na mwili huo ulikuwa wapi Ijumaa? Nikataja kizuizi, polisi, nguvu isiyozuilika. Akanisomea kifungu cha tatu, hakuna udhuru, na akakisoma kwa sauti yangu. Kisha akasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kwaya ikasema amina.

Nikaomba shauri liamuliwe na mtu asiyependelea. Pasteur akasema vizuri, kesho Mama Sophie akirudi, Papa Lwaboshi ataamua.

Lwaboshi! Sijala. Sophie ameniuliza kwa nini nguo yangu ina bata.

Jumanne, 10 Juni

Andika, Noël, hata kama mkono hautaki.

Annuarite amefika saa nne. Alikuwa ameshasikia njiani, kambi hii haina pazia. Hakupita nyumbani, alikuja moja kwa moja barazani na kikapu chake, akasimama. Watu walijaa. Nilivaa joho. Nilidhani lingesaidia.

Lwaboshi alikaa kwenye benchi yake, futi ya kupimia shingoni. Nikajitetea kwa muda mrefu. Alinisikiliza yote, sikuona akipiga miayo. Akamwuliza Annuarite mtoto wa Benedicte amepewa jina gani. Gabriella. Akamwuliza Raïssa mwanawe ameacha kukohoa? Ameacha, tangu wamekaa pakavu. Akavuta futi upande huu na upande ule.

Halafu akasema tuliinua mikono wote, basi karatasi ya kanisa ibaki, na msichana huyu hainuki. Yeye mwenyewe suruali za Lumbadzi hazijaisha, kesho anarudi kule miezi miwili. Mama Sophie akae kwenye nafasi yake yeye Lwaboshi. Miezi hiyo ikiisha, tutaongea tena, batu bazima hawakosi la kusema.

Makofi. Raïssa alikuwa analia. Mama Esperance alikuwa ameshaanza kuibeba cherehani ya Annuarite kuipeleka. Nikamwona Annuarite akipumua, mabega yakashuka, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Na mtu nyuma yangu akasema: njo hakimu, huyo.

Neno hilo likanichoma moyoni. Sijui nani aliniinua. Nikasikia sauti yangu ikisema pingamizi.

Nikasema nafasi haigawiwi. Kifungu cha kwanza, nafasi ni ya anayekaa. Lwaboshi akiinuka hana cha kumpa mtu, maana hana tena. Nafasi inabaki tupu siku tatu, kisha ni ya atakayewahi, awe nani. Pasteur akaisoma karatasi mara mbili, akaniuliza kwa huzuni kama kweli njo vile ilivyoandikwa. Nikasema njo vile. Na ni kweli! Hakuna mwanasheria ambaye angenikosoa.

Karibu na ukuta walikuwepo wanawake wengine watatu wenye cherehani. Nikawaona wanahesabu siku.

Lwaboshi akasema basi haendi Lumbadzi, maana akiondoka nafasi itapotea kwake na kwa Mama Sophie. Shule ile itatafuta fundi mwingine. Akaniangalia bila kukasirika, akasema Maître, we uko na akili mingi. Hakusema Nusu. Nilingoja aseme.

Annuarite ameibeba cherehani yake kichwani mwenyewe. Benchi nimebeba mimi, nyuma yake, njia nzima. Hakugeuka.

Ameiweka mlangoni kwetu. Njia ya huku haipitwi na mtu ila wanaokwenda chooni. Manyunyu yanaingia. Ameniomba joho, neno pekee aliloniambia tangu barazani. Nikampa. Ameling'oa kola, amelikata vipande, anamshonea Gabriella kanzu na kofia. Bata amemwacha, amekaa katikati ya tumbo, anapendeza. Nimemwambia anapendeza. Cherehani iliendelea.

Jumatano, 11 Juni

Nimeamka, upande wake wa mkeka ni wa baridi. Nimemwita, hakuna jibu. Sophie ameshakwenda shule. Kikapu hakipo. Kanzu ya Gabriella haipo.

Nikajiambia amekwenda Chilinde. Amekwenda kwa mdogo wake, na safari hii harudi, na nani atamlaumu? Nimeketi juu ya mkeka nikishika kichwa. Nimemkumbuka alivyopumua jana, pumzi ile moja, kabla sijasimama. Nililia, niandike tu, nililia kama mtoto.

Kisha nikafungua mlango. Benchi yake ilikuwa nje, kando ya cherehani iliyofunikwa. Miguu juu.

Anarudi. Amekwenda kuipeleka kanzu kwa watu wanaosafiri, au sokoni, au popote, lakini anarudi. Hakuna mtu katika Dzaleka yote anayeweza kupindua benchi miguu juu na asirudi, haijawahi kutokea, hata maiti wangeona haya. Nimemshukuru Mungu kwa sauti. Jirani wa kuku alinichungulia juu ya ua, akaniambia wameshapatana, Papa Lwaboshi amesema mayai yaanguliwe na vifaranga vigawanywe. Haina msingi wowote.

Jua limetoka, la kwanza wiki hii, na limeanguka pale pale penye benchi. Nimesimama nikiitazama. Ndipo nikaona, mbele kidogo, foleni ya bomba la maji. Watu wameweka mawe kwenye mstari kushika nafasi zao, wao wenyewe wamekaa majumbani wanakunywa chai. Mawe! Jiwe lina mwili gani, lina nia gani? Na Lwaboshi ana mawe mawili pale, nayajua.

Tumbo limeanza kunisokota, dalili njema. Nimeigeuza benchi, nimeikalia, na nimeanza kuandika kifungu cha kwanza.